Nani Atasema "Nimeshindwa"?



Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na masahaba zake wote. Ama baad.

Kwa toleo hili niliombwa niandike kuhusu maadili ya mwanafunzi wa Kiislamu. Nilikusudia kuandika juu ya udanganyifu katika mitihani, mada ambayo kila mwaka mmoja wetu huiandika na kila mwaka tunaisoma na kuitikia kwa vichwa. Lakini kuna jambo lingine lililonikaa kifuani muhula mzima, nikaona kuandika juu ya makosa ya wengine huku langu nimelifunika ni unafiki. Kwa hiyo nitaanza na mchezo mmoja wa Wajapani, kisha nitarudi kwetu. Nakuombeni subira.

Mchezo huo unaitwa shogi. Ni jamaa wa sataranji, unachezwa na watu wawili juu ya ubao wenye miraba 81, tisa kwa tisa, na kila mchezaji ana kete 20. Lengo ni kumbana mfalme wa mwenzako asiwe na pa kukimbilia. Lakini shogi ina jambo moja ambalo sataranji haina. Kete ukiila haitoki mchezoni. Inakuwa yako, unaiweka pembeni, na zamu yako ikifika unaweza kuirudisha ubaoni ikupiganie dhidi ya bwana wake wa jana. Waliokua wakiwatazama wazee wakicheza mweso hapa kwetu, au bao kule pwani, wataelewa haraka, kwani nasi kete tulizozila hatuzitupi, tunazipanda upande wetu. Kwa sababu hiyo ubao wa shogi haupungukiwi na silaha. Hata anayeelekea kushindwa huwa bado ana kitu mkononi, na mambo yanaweza kugeuka mwishoni kabisa.

Najua wapo watakaouliza: je, inafaa kwa Muislamu kushughulika na michezo ya namna hii? Swali ni la haki. Maulamaa wengi wameikataza sataranji, na Imam Shafii, ambaye madhhab yake ndiyo tunayoifuata wengi wetu Afrika Mashariki, hakuiharamisha bali aliichukia. Wote wamekubaliana kwamba ikiingia kamari ni haramu, na kwamba chochote kinachomsahaulisha mtu sala yake hakina heri naye. Baadhi ya waliokataza walitaja pia sanamu, kwa vile kete za sataranji huchongwa mfano wa farasi na viumbe wengine. Kete za shogi ni vipande bapa vya mbao vilivyoandikwa herufi tu. Hata hivyo mimi siandiki kumhimiza mtu aache kitabu akacheze. Ninachotaka tukitazame ni namna mchezo huu unavyomalizika.

Katika shogi, mwamuzi hapulizi filimbi kutangaza mshindi, na mshindi hasemi "nimekushinda". Anayesema ni aliyeshindwa. Anapoona hana njia tena, anainamisha kichwa mbele ya mwenzake na kutamka kwamba ameshindwa. Wajapani wanasema "makemashita". Mara nyingi wachezaji wakubwa hawasubiri hata mfalme abanwe mpaka mwisho, kwani wanajua hatua kadhaa kabla. Kisha linafuata jambo lililonishangaza zaidi. Badala ya aliyeshindwa kuondoka akafiche uso wake, wote wawili hubaki pale pale, wakarudisha kete mahali pake na kuupitia mchezo tena. Mshindi anaeleza alipoogopa, na aliyeshindwa anaeleza alichokuwa akikitarajia. Wanatafuta pamoja wapi palipoharibika.

Mambo haya nilionyeshwa na mwenzangu wa hosteli anayesoma masomo ya kompyuta. Yeye alivutiwa na programu zinazopima nani anaongoza ubaoni. Usiku mmoja baada ya Isha aliniita nitazame pambano la tarehe 20 Juni 2024, lililochezwa Kofu, mkoa wa Yamanashi. Lilikuwa pambano la tano na la mwisho la kuwania taji la Eio. Kila upande ulikuwa umeshinda mara mbili, kwa hiyo atakayeshinda siku ile ndiye atakayelichukua taji.

Upande mmoja alikaa Sota Fujii, kijana wa miaka 21. Aliingia katika safu ya wachezaji wa kulipwa mwaka 2016 akiwa na miaka 14, akashinda michezo yake 29 ya kwanza mfululizo. Mwaka 2020 akapata taji lake la kwanza akiwa na miaka 17. Tarehe 11 Oktoba 2023 alikamilisha mataji yote manane makubwa ya mchezo huo, jambo ambalo hakuna aliyewahi kulifanya. Alipokaa pale Kofu hakuwa amewahi kushindwa hata mara moja katika mfululizo wa kuwania taji.

Upande wa pili alikaa Takumi Ito, naye akiwa na miaka 21. Wawili hawa walikutana tangu utotoni. Walipokuwa darasa la tatu, Ito alimshinda Fujii katika mashindano ya watoto, na Fujii akalia sana. Baada ya hapo mambo yaligeuka. Tangu wote wawili wawe wachezaji wa kulipwa, Ito hakuwa amemshinda Fujii hata mara moja mpaka pambano la pili la mfululizo huu. Kabla yake alikuwa amewania mataji mawili dhidi ya Fujii, la Ryuo na la Kio, akarudi mikono mitupu bila ushindi hata mmoja.

Pambano lilianza asubuhi na kwenda mpaka jioni. Kwenye hatua ya 156, Fujii, mwenye mataji manane, alimwinamia kijana aliyekuwa akimshinda siku zote, akakubali kwamba ameshindwa. Mataji manane yakawa saba. Kisha wakaupitia mchezo wao. Alipoulizwa na waandishi wa habari, alijibu kwa utulivu kwamba alijua hilo lilikuwa suala la muda tu.

Mwenzangu alizima simu akalala. Mimi sikulala.

Sasa nije kwangu. Muhula uliopita nilipewa nafasi ya kutoa darsa fupi baada ya Magharibi katika musalla wetu. Mada ilikuwa fadhila za elimu. Nilitaja ile kauli mashuhuri inayohimiza kutafuta elimu hata ikibidi kwenda China, nikasema kwa sauti ya kujiamini kwamba ni hadithi ya Mtume (s.a.w.) iliyomo katika Sahihi Bukhari. Mdogo wetu mmoja wa mwaka wa kwanza aliinua mkono. Akasema, "Samahani ustadh, nilivyofundishwa madrasa hiyo haimo katika Bukhari, na maulamaa wameitia udhaifu."

Nilikuwa na njia nyingi za kujibu. Ningeweza kusema, "Ahsante, nitahakikisha." Nilichosema ni hiki: "Wewe umeanza lini kusoma elimu ya hadithi?" Watu wakacheka. Akakaa chini. Nikaendelea na darsa.

Usiku ule ule nilitafuta. Haimo katika Bukhari. Imam Bayhaqi ameitaja na kueleza kwamba isnadi yake ni dhaifu, na Ibn al-Jawzi ameiweka katika kitabu chake alichokusanya hadithi za kuzuliwa. Mimi ninayesoma Islamic Studies nilikuwa nimemnasibishia Imam Bukhari asichokipokea, na nilikuwa nimemtamkia Mtume (s.a.w.) kwa uhakika ambao sikuwa nao. Kila mmoja wetu anajua onyo lililokuja juu ya anayemzulia Mtume kwa makusudi. Nilijifariji kwamba langu halikuwa la makusudi. Na kweli, jioni ile halikuwa. Lakini kesho yake nilikuwa nimeshajua, na keshokutwa, na wiki iliyofuata. Tulikutana na kijana yule kwenye foleni ya chakula, akanisalimu kwa adabu kama siku zote, nikaitikia, nikanyamaza.

Hapa ndipo swali langu linapoanza, ndugu msomaji. Je, kukubali kushindwa ni fadhila au ni udhaifu? Sisi tumefundishwa kutokata tamaa. Katika Suratu Yusuf, aya ya 87, Nabii Yaqub (a.s.) anawakataza wanawe kukata tamaa na rehema ya Mwenyezi Mungu, na katika Suratuz-Zumar, aya ya 53, wanakatazwa hata waliojidhulumu nafsi zao kwa madhambi. Mtu anaweza kusema: huyo Mjapani angeendelea kucheza, huenda mwenzake angekosea. Kwa nini ajitoe mwenyewe?

Hoja hiyo ina nguvu, na shogi yenyewe inaitilia nguvu zaidi. Turudi kwenye siku ile ya Oktoba 2023 mjini Kyoto, siku Fujii alipotimiza mataji manane. Mpinzani wake alikuwa Takuya Nagase, ambaye kwa miaka minne mfululizo alikuwa bingwa wa taji la Oza. Angelitetea kwa mara ya tano angepata haki ya jina la heshima la taji lile, na jina hilo haliondoki. Ni watu wanaofanya mazoezi pamoja kwa miaka. Karibu na mwisho, kompyuta zilizokuwa zikitazama zilimpa Nagase ushindi kwa asilimia 99. Muda wake ulikuwa umekwisha, akibaki na dakika moja kwa kila hatua. Katika dakika moja hiyo alicheza hatua isiyo sahihi. Aliitambua mara tu baada ya kuicheza, akajishika kichwa na kuvuruga nywele zake. Fujii akashinda. Kama Fujii angekubali kushindwa dakika tano kabla, historia ingekuwa nyingine.

Basi mtu yule yule mmoja, Kyoto aliendelea huku watazamaji wakimwona amekwisha, na Kofu akainamisha kichwa. Ipi ilikuwa sawa? Mimi naona zote mbili, na tofauti yake ndiyo jibu la swali letu. Asilimia zile walikuwa wakiziona watazamaji. Wachezaji hawazioni. Kyoto, Fujii hakuwa na yakini kwamba amekwisha. Alikuwa bado na hatua ya kumuuliza mwenzake swali gumu, akaiuliza. Kofu alikuwa ameangalia kila njia na kuona hakuna. Aliendelea pale ambapo hakujua, akaacha pale alipojua.

Kwa hiyo kinachotenganisha subira na ukaidi si ukubwa wala udogo wa matumaini, ni elimu. Kushikilia jambo ukiwa hujajua kwamba ni batili kunaweza kuwa subira, hata watu wote wakikucheka. Kulishikilia baada ya kujua kuna jina jingine. Mtume (s.a.w.), kama alivyopokea Imam Muslim, ameueleza uchaguzi huo mbaya kwa mambo mawili: kiburi ni kuikataa haki na kuwadharau watu. Nilipoisoma tena hadithi hiyo niliona jioni yangu yote imo ndani yake. Haki niliikataa, na aliyeileta nilimdharau mbele ya wenzake.

Na Nabii Yaqub? Tusome sura yake kwa ukamilifu. Wanawe walipomletea kanzu yenye damu ya uongo, hakuwaamini, lakini pia hakujidanganya kwamba Yusuf yuko chumbani amelala. Alitambua msiba uliomfika, akachagua subira njema. Tumaini lake lilihusu ghaibu, yaani lile ambalo Mwenyezi Mungu bado hajalidhihirisha. Halikuwa tumaini la kufuta kilichokwisha tokea. Kukata tamaa ni kuifungia rehema ya Mwenyezi Mungu mlango wa kesho. Kukiri ni kuacha kusema uongo kuhusu jana. Hayo mawili hayagongani. Naona hata zaidi: asiyekiri ya jana hana anachokitumainia kesho, kwa sababu atatubiaje kosa ambalo bado analitetea?

Kisa cha mwanzo kabisa cha wanadamu kinatufundisha jambo hilo. Katika Suratul-A'raf kuna waliokosea wawili, na kila mmoja aliulizwa na Mola wake. Iblisi alipoulizwa kwa nini hakusujudu alitoa hoja: yeye ni bora, ameumbwa kwa moto. Adam na Hawa walipoulizwa hawakutoa hoja. Walikiri kwamba wamezidhulumu nafsi zao, wakaomba msamaha. Wote walikuwa wamekwenda kinyume na amri. Kilichowatenga ni lile neno lililofuata baada ya kosa. Nilipomuuliza kijana yule ameanza lini kusoma hadithi, hoja yangu ilikuwa ya nani kati yetu? Ilikuwa ya yule aliyesema yeye ni bora.

Masahaba na maimamu wetu hawakuona aibu katika hili. Sayyidna Umar (r.a.) katika barua yake mashuhuri kwa Abu Musa al-Ash'ari alimuusia kwamba hukumu aliyoitoa jana isimzuie kurejea kwenye haki leo. Imam Shafii alikuwa na kauli zake za zamani alipokuwa Iraki, na alipofika Misri akaziacha nyingi na kutoa kauli mpya. Mpaka leo vitabu vyetu vya fiqhi vinaziandika zote mbili, ya zamani na ya mpya, na hakuna aliyemvunjia heshima kwa hilo. Imepokewa pia kwamba alikuwa akijadiliana na mtu bila kujali haki itadhihiri kwenye ulimi wake au wa mwenzake. Sisi tunaojiita wafuasi wake tunajadiliana huku tukihesabu nani amepigiwa takbira nyingi.

Hata hivyo sitaki kuupa mchezo zaidi ya haki yake. Kuna mahali ambapo mfano wa shogi unaishia. Kwanza, ubaoni unashindwa na mtu, na lazima mmoja ashindwe. Katika elimu si lazima. Mdogo wangu aliponisahihisha hakunishinda, alinipa kitu nilichokuwa sina. Kama ningekipokea, sote wawili tungetoka tumepata. Ni mimi niliyeigeuza darsa kuwa ubao wa mchezo.

Pili, Fujii alipokiri, mambo yaliisha pale pale. Taji lilikwenda kwa mwenye haki nalo, na hakuna mtu wa tatu aliyedhulumika. Kosa la aliyezungumza mbele ya watu haliishii pale. Jioni ile walikuwepo watu zaidi ya thelathini. Baadhi yao ni walimu wa watoto katika madrasa za nyumbani kwao. Sijui ni wangapi wameshayarudia maneno yangu kwa jina la Bukhari. Kwa hiyo haitoshi kukiri moyoni, wala haitoshi kumnong'oneza mmoja pembeni. Katika Suratul-Baqara, aya ya 160, waliokuwa wakificha haki wamepewa njia ya kutoka, na njia hiyo ina sehemu tatu: watubu, watengeneze, na wabainishe. Mimi nilikuwa nimefanya ya kwanza kwenye mswala wangu mara nyingi, nikadhani yatosha. Ya pili na ya tatu nilizikimbia. Ubainifu unatakiwa ufike pale kosa lilipofika.

Utaniuliza, je, mwanachuoni au kiongozi akikiri makosa yake hadharani, watu hawatapoteza imani naye? Nimeifikiria sana hofu hii, kwa sababu ndiyo niliyokuwa nikijitetea nayo. Nilijiambia kwamba nanyamaza kwa maslahi ya daawa. Lakini tazama inavyotuelekeza. Inataka watu wawe na imani na mimi kwa sababu hawajui nilipokosea. Imani ya namna hiyo ni deni, na siku moja italipwa kwa riba. Na wale waliojua, yaani kijana yule na wengine waliokwenda kutafuta kama nilivyotafuta mimi, tayari walikuwa wameshapata somo kutoka kwangu: kwamba katika musalla wetu, mwenye cheo hasahihishwi. Ni mdogo gani atakayeinua mkono tena? Heshima yangu niliilinda kwa gharama ya ujasiri wao.

Wiki mbili zilizopita nilimfuata kijana huyo maktaba. Nilimwambia, "Ndugu yangu, ile hadithi ulikuwa sahihi wewe, na mimi nilijua tangu usiku ule ule. Nisamehe kwa kunyamaza, na unisamehe kwa maneno niliyokujibu." Alinitazama kidogo, akasema, "Allah atusamehe sote, ustadh." Kisha akavuta kiti. Tulikaa karibu saa moja. Alinionyesha namna mwalimu wake wa madrasa alivyomfundisha kufuatilia hadithi mpaka kwenye asili yake kabla ya kuitaja, nami nikamwonyesha vitabu viwili vya maktaba yetu alivyokuwa havijui. Tulirudi mwanzo wa ile darsa, tukaangalia hadithi nilizozitaja moja moja. Tukakuta nyingine moja nayo sikuinasibisha vizuri. Hiyo hakuwa ameitaja siku ile. Nilimuuliza kwa nini. Akasema, "Nilikuwa nimeshakaa chini."

Kwa hiyo, ndugu zangu mliokuwepo jioni ile: kauli ya kutafuta elimu hata China haimo katika Sahihi Bukhari, na maulamaa wa hadithi wameidhoofisha, wengine wakaihesabu kuwa ya kuzuliwa. Aliyeinua mkono alisema kweli. Niliyemjibu kwa dharau ni mimi. Nimeshindwa, na aliyenishinda ni haki. Nawaomba mliyoyachukua kutoka kwangu myarudishe, na kama mmewafundisha wengine, muwafikishie na hili. Mwenye kutaja hadithi ile nyingine katika darsa lijalo ni kijana mwenyewe, inshaallah. Nami nitakuwepo, nimekaa miongoni mwa wasikilizaji.

Wallahu a'lam. Wabillahi tawfiq.